Uzoefu Wangu: Mkopo wa Sacco kwa Paneli za Sola na Betri ya Nyumbani

Nimeishi na mfumo huu wa sola, na mkopo wake, kwa muda wa kutosha kuweza kuueleza bila ile furaha ya siku za kwanza. Nyumba yetu iko Mtwapa, kaunti ya Kilifi, na fedha nyingi za kuufunga nilizikopa kwenye Sacco ya kazini kwangu. Mkopo wenyewe umeniridhisha, ila si kwa sababu iliyotajwa na afisa wa mikopo, ambaye aliniambia kwamba sola itajilipa yenyewe kutokana na bili nitakayookoa.

Tuanze na hesabu hiyo. Paneli nane za wati 550, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani) ya kilowati 5 inayotumia jua, betri na gridi, yaani umeme wa taifa, betri moja ya lithiamu yenye uwezo wa uniti 5 na kidogo, pamoja na nyaya, fremu za kwenye paa na kazi ya fundi, vyote vilifikia shilingi 520,000. Nilitoa 120,000 mfukoni na kukopa 400,000 kwa miezi 36, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua. Malipo ya kila mwezi ni shilingi 13,286. Bili yetu ya stima, ambayo ilikuwa ikikaribia 8,000 kwa mwezi, sasa ni kama 2,000. Ninaokoa 6,000, kwa hiyo zaidi ya 7,000 hutoka kwenye mshahara wangu kila mwezi, na ukijumlisha gharama yote na riba yake, itachukua zaidi ya miaka minane kabla fedha hizo kurudi. Mtu anayekopa kwa kutegemea kwamba bili iliyopungua italipa deni atabanwa vibaya.

Kwa nini basi nilikopa? Kwa sababu mke wangu hushona nguo nyumbani kwa cherehani ya umeme, na siku ya kazi iliyopotea kwa kukatika stima haiandikwi kwenye bili yoyote. Wengi wetu tulianza kuulizia bei za betri baada ya nchi karibu nzima kukosa umeme usiku wa tarehe 25 Agosti 2023. Kwangu mimi kinachonunuliwa ni uhakika wa umeme, na uhakika huo una bei yake.

Jambo ambalo ningemsihi kila mkopaji alichunguze ni namna riba inavyokokotolewa. Duka moja la vifaa vya sola lilinipa mpango wa kulipa polepole kwa asilimia 12 kwa mwaka, kiwango ambacho ukikitazama kijuujuu ni sawasawa na asilimia 1 kwa mwezi ya Sacco. Tofauti ni kwamba duka lilitoza asilimia hiyo juu ya 400,000 nzima kwa miaka yote mitatu, hata pale ambapo deni lingekuwa limebaki robo. Riba ingekuwa 144,000, ilhali kwa salio linalopungua ni kama 78,300. Muuzaji hakunificha chochote, lakini pia hakuona haja ya kunieleza.

Shemeji yangu, ambaye hataki kugusa riba kwa sababu ya dini, alipitia benki ya Kiislamu kwa utaratibu wa murabaha, ambapo benki hununua vifaa kisha humuuzia mteja kwa bei ya juu zaidi iliyokubaliwa tangu mwanzo. Bei hiyo haiongezeki baadaye, na hilo ni jema. Ugumu alioupata ni kwamba benki ilinunua vitu vinavyoshikika tu, na ujira wa fundi ikabidi autafute kwingine.

Serikali haikunipa ruzuku ya fedha taslimu, wala sikuitarajia. Msaada wake uko kwenye kodi: Sheria ya Fedha ya mwaka 2021 ilirudisha msamaha wa VAT kwa paneli, inveta na betri za kuhifadhi umeme wa jua, baada ya sheria ya mwaka uliotangulia kuuondoa. Msamaha huo hauhusu kila kitu, kwa hiyo ni muhimu makadirio ya bei yatenganishe vifaa hivyo na nyaya za kawaida pamoja na ufundi. Makadirio ya kwanza niliyopewa yalikuwa na jumla moja iliyotozwa asilimia 16 kote, na nilipouliza, bei ilishuka bila ubishi wowote, jambo lililonifanya nijiulize ni wangapi hawakuuliza.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niithamini Sacco hii, hata zaidi ya kiwango cha riba yake. Fedha hazikuingia kwenye akaunti yangu. Fundi alilipwa asilimia 70 vifaa vilipofika na 30 iliyobaki ikazuiwa hadi mfumo ukaguliwe, na kabla ya yote alitakiwa kuonyesha leseni ya EPRA (mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati na petroli) ya daraja la T3, ambayo ndiyo inayohusu mifumo inayounganishwa na gridi. Betri ilipoletwa, kibandiko chake kilionyesha volti 48 na ampea-saa 100, ilhali makadirio yalitaja volti 51.2. Tofauti hiyo si ya maandishi tu: ya kwanza ina seli 15, ya pili 16, na uwezo unashuka kutoka uniti 5.12 hadi 4.8. Fundi alidai kwamba zote ni sawa. Nilimwandikia afisa wa mikopo, naye akamjulisha kuwa sehemu ya mwisho haitalipwa, na betri sahihi ikaletwa muda si mrefu. Ningekuwa nimelipa yote kwa M-Pesa, ningebaki kuomba tu.

Yapo nisiyoyapenda. Ilinibidi nipate wadhamini watatu, na akiba zao zinafungwa kwa kiasi walichonidhamini; binamu yangu mmoja alitaka kujitoa kwenye Sacco na hakuweza kwa ajili yangu, nasi bado hatujayamaliza. Orodha ya mafundi waliopendekezwa ilikuwa fupi na bei zao za juu, na nililazimika kusisitiza kabla ya kuruhusiwa kuleta fundi wangu. Pia bima iliyokatwa kwenye mkopo inalipa deni nikifariki, lakini haifidii paneli zikiibiwa au inveta ikipigwa na radi. Bima ya vifaa niliikata kando.

Kuhusu kuuza umeme wa ziada, kanuni za mwaka 2024 zinaruhusu kurudisha uniti kwenye gridi na kuhesabiwa nusu yake, si kwa fedha bali kama punguzo la matumizi. Kwa nyumba kama yetu sikuona faida ya kukopa zaidi ili kuongeza paneli, na fundi aliipanga inveta isipeleke chochote nje. Uniti ninayoihifadhi mchana na kuitumia usiku ninaipata karibu yote.

Betri yetu hubeba friji, taa, feni na intaneti hadi alfajiri, ila pasi na pampu ya kisima tunaziwasha jua likiwa juu. Sacco imeshaniambia kwamba ninaweza kuongezewa mkopo wa betri ya pili. Nimekataa: betri hiyo nitainunua kwa fedha taslimu deni hili likiisha.