Panya wa Lamu: Fuvu au Kromosomu?
Anayetaka kuainisha panya wa darini katika nyumba za mawe za Lamu ana njia mbili. Kupima mkia, sikio na fuvu ni kazi nyepesi, lakini panya mweusi na ndugu yake wa Asia hufanana mno (paka wa mji huo, bila shaka, hawabagui). Kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, ambazo huonekana katika seli za uboho zinazogawanyika, huwatenganisha waziwazi: mweusi kwa kawaida ana 38, wa Asia 42, kwa kuwa kwa mweusi jozi nne za asili ziliungana, mbili kwa mbili, zikawa jozi mbili kubwa, hivyo hesabu yenyewe huonyesha mkondo wa mageuzi. Kwa bandari iliyopokea majahazi kutoka Bara Hindi kwa karne nyingi, ningeanza na kromosomu, nikaliachia fuvu vielelezo vikavu vya makumbusho.