Chokaa au naisi: mwamba upi ubebe bwawa?

Ukiwa na mabonde mawili, moja la chokaa na jingine la naisi (mwamba mgumu uliogeuzwa na joto na shinikizo kubwa ardhini), wahandisi wengi watachagua la naisi. Hata mimi, ila si kabla ya kuziona nyufa zake.

Udhaifu wa chokaa umo kwenye madini yenyewe. Maji yenye asidi kidogo huiyeyusha polepole, na upenyo mwembamba huja kuwa pango. Bwawa la Hales Bar kwenye mto Tennessee, Marekani, lilikamilika mwaka 1913 na kuvuja likavuja. Mafundi walisukuma saruji ndani ya mwamba, hata lami ya moto, lakini maji yakapata njia nyingine. Miaka ya 1960 likaachwa, likajengwa jingine, Nickajack.

Naisi ni ngumu na haiyeyuki hivyo. Lakini bwawa la Malpasset, kusini mwa Ufaransa, lilisimama juu ya naisi. Lilikuwa ukuta wa tao, yaani uliopinda kama upinde, mwembamba, kimo chake mita 66 hivi, na tao husukuma mzigo wa maji kwenye kingo mbili za bonde. Ukingo wa kushoto ulikuwa na matabaka yaliyolala vibaya, na mbele yake mpasuko mkubwa wa kijiolojia. Maji yakajipenyeza, shinikizo likapanda bila kuonekana, kipande kizima cha mwamba kikasogea. Usiku wa 2 Desemba 1959 ukuta ulivunjika, zaidi ya watu 400 wakafa.

Chokaa angalau huvuja ukaona. Kwenye naisi, fedha za kwanza ziende kwenye kuchoronga kingo zote mbili, kupima shinikizo la maji ndani ya mwamba, na kutoboa mashimo ya kuyatoa.