Likizo ya mwaka: siku 28 za Tanzania au 21 za Kenya?

Ukizitazama juujuu, siku 28 zinaonekana nono kuliko 21. Inategemea zinahesabiwaje. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inahesabu siku mfululizo: Jumamosi, Jumapili, hata sikukuu inayoangukia ndani ya likizo, zote zinaliwa. Ile ya Kenya ya 2007 inahesabu siku za kazi tu.

Ofisi ya siku 5 kwa wiki: 28 za Tanzania ni siku 20 za kazi, hivyo Kenya inazidi kwa moja, na sikukuu hailiwi. Kiwandani, wanakofanya kazi siku 6, mambo yanageuka: Tanzania 24, Kenya 21.

Ugomvi huanza likizo inapokatwa vipande. Aliyeomba Jumatatu hadi Ijumaa akatwe 5 au 7? Ukikata 5 kila mara, siku 28 zinamfikisha wiki 5 na siku 3. Ukikata 7, atauliza Jumapili yake imeenda wapi, na ana haki ya kuuliza. Kwa kampuni ya Tanzania yenye wiki ya siku 5, andikeni kwenye kanuni zenu "siku 20 za kazi, sikukuu hazihesabiwi". Mfanyakazi hapunjiki, na salio lake anaweza kulijumlisha mwenyewe.