Wasifu wa Biashara wa Google: maoni ya mwenye mgahawa, Tanga

Nina mgahawa Ngamiani. Asubuhi supu na chapati, mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka, Ijumaa pilau. Majirani hawahitaji ramani kunifikia. Niliujaza wasifu huu, yaani ukurasa unaoonyesha biashara yako mtu akitafuta kwenye Google au Ramani za Google, kwa ajili ya wapita njia: wanaoshuka basi ili waunganishe Pangani, wanaokwenda Mapango ya Amboni, mafundi wa bomba la mafuta kule Chongoleani. Hao njaa ikiwashika hawaulizi mtu, wanafungua simu. Naupa nyota nne kati ya tano.

Kujisajili ni bure. Ukitakiwa kuthibitisha kwa video kwamba biashara ni yako, anza nje ionekane barabara na kibao chako, ingia jikoni, malizia kwa kitu ambacho mwenye mali pekee ndiye anakifikia, kama kufungua stoo kwa ufunguo. Piga mfululizo bila kukata. Programu yake ya zamani ilifungwa 2022; siku hizi unarekebisha mambo humo humo kwenye Google au Ramani.

Google inasema matokeo ya eneo, yaani orodha ya biashara za karibu anayoletewa anayetafuta, hupangwa kwa mambo matatu: unavyolingana na kinachotafutwa, umbali, na umaarufu. Kwa umbali huna la kufanya. Aliyesimama Raskazone ataletewa kwanza wa Raskazone. Lakini huko kulingana na kinachotafutwa kumo mikononi mwako, na hapo ndipo migahawa yetu mingi inalala. Unaruhusiwa aina kuu moja ya biashara na nyingine za ziada hadi tisa. Chagua zinazokuhusu kweli. Kisha kaa na menyu. Ukiandika "samaki" tu hujasema kitu. Andika changu wa kupaka, pweza wa nazi, maharage ya nazi, chapati za maji, kila kimoja na bei yake na picha iliyopigwa mchana karibu na dirisha, na jina la Kiingereza pembeni kwa ajili ya wageni. Jina la mgahawa liache kama lilivyo kwenye kibao. Kulibandika "chakula kitamu bei nafuu Tanga" ni kuvunja kanuni, na wasifu unaweza kusimamishwa.

Saa za kazi zinataka umakini zaidi ya yote. Fomu inahesabu saa kwa Kizungu: saa 12 asubuhi yetu ni 06:00. Ukijaza kwa hesabu ya nyumbani, supu itakuwa inachemka huku simu ya mgeni ikimwambia umefunga, na aliyechagua kuonyeshwa zilizo wazi tu hatakuona kabisa. Ramadhani tumia sehemu ya saa maalumu. Mtu aliyetoka mbali akakuta mlango umefungwa saa saba mchana hawezi kukusamehe, na mimi simlaumu.

Alama ya mahali nayo isogezwe mpaka mlangoni. Mitaa yetu inaitwa kwa namba. Ikikosewa kidogo, mgeni anazunguka barabara ya pili na kuishia kula kwa mwingine.

Maoni ya wateja yanasaidia kwenye ule umaarufu. Google inakupa kiungo na msimbo wa kuskani. Mimi nimeuweka juu ya meza ya malipo. Omba kwa ustaarabu, lakini usitoe soda ya bure ili upewe nyota, imekatazwa. Jibu kila mtu, hata aliyekuja na hasira, maana jibu lako linasomwa na mteja ambaye bado hajafika.

Nyota moja nimeibakiza kwa sababu vitu huondolewa. Tovuti za bure zilizotengenezwa kupitia wasifu zilizimwa Machi 2024, na sehemu ya kuchati na wateja ikafuata Julai mwaka huo huo. Tena mtu yeyote anaweza kupendekeza mabadiliko ya taarifa zako, kwa hiyo pita kila wiki ukague namba ya simu na saa.

Na akija kijana na kompyuta akikuahidi kukupandisha namba moja kwenye ramani kwa laki tatu, mkaribishe chai, umnyime hela. Google wenyewe wameandika kwamba nafasi ya juu kwenye matokeo ya eneo hainunuliwi. Matangazo ya kulipia yapo, ila hayo huonyeshwa wazi kuwa ni matangazo. Hiyo laki tatu inatosha kutengeneza kibao kipya, na kibao hicho ndicho utakachokionyesha kwenye video ya uthibitisho.