Bungua wawili wa Marekani: Papaipema eryngii na Papaipema nebris
Nondo hawa ni ndugu. Viwavi wao hutoboa bua na kulila kwa ndani, na mayai hukaa nje majira yote ya baridi. Ila nebris hula mimea mingi mno, mahindi yakiwemo, ndiyo maana wakulima wanamjua. Eryngii hula mmea mmoja tu, Eryngium yuccifolium wa mbuga za nyasi ndefu, mbuga ambazo karibu zote zimegeuzwa mashamba. Amesalia kwenye vipande vichache, katika majimbo kama Illinois, Kentucky, Arkansas na Oklahoma. Hata moto unaowashwa makusudi kutunza mbuga huunguza mayai yake. Nebris akiunguliwa hapa, magugu yako tele kwingine. Ulinzi ningempa eryngii, huyu mchaguzi wa chakula, na mbuga ichomwe kwa zamu, kipande kimoja kimoja.