Panya wa vitufe kwa mtoto wa miaka mitano: uzoefu wangu

Mzazi mwenzangu, ukienda kununua roboti ya kumfundisha mtoto mdogo kupanga programu, swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni hili: mtoto akikosea, ataliona kosa lake liko hatua gani? Taa, sauti na idadi ya nyimbo ziulize baadaye. Nimekaa sakafuni na binti yangu muda wa kutosha kusema kwamba faida yote iko hapo, katika kurudi nyuma na kuitafuta hatua iliyoharibu safari. Roboti isiyompa nafasi hiyo ni gari la betri tu, hata kama sanduku limeandikwa maneno makubwa.

Sisi tuko Tudor, Mombasa, Kenya. Binti yangu ana miaka mitano, asubuhi yuko PP2, mwaka wa pili wa chekechea, alasiri chuoni, yaani madrasa. Tulichochagua ni seti ya panya ya Code & Go, ya kampuni ya Learning Resources ya Marekani, inayofaa kuanzia miaka minne. Ndani mna vipande 83: panya mwenyewe, jibini lake, vipande 16 vya miraba vya kuunganisha uwanja, kuta ndogo 22, vichuguu 3, kadi 30 za amri zilizochapwa pande mbili, na kadi 10 zenye michoro ya njia za kujenga. Mgongoni mwa panya pana vitufe vya rangi: mbele, nyuma, geuka kulia, geuka kushoto, kimoja cha kitendo cha kushtukiza, na cha kijani katikati cha kumwambia aende. Hakuna skrini, hakuna intaneti, na mtoto hahitaji kujua kusoma.

Kabla yake palikuwa na roboti ya kucheza dansi ambayo jamaa yetu mmoja alimletea zawadi, isiyo na jina la kampuni popote. Iliwaka, ikaimba, ikazunguka. Mtoto aliitazama akafurahi, kisha akaiacha chini ya kiti, kwa sababu haikuwa na la kumwuliza. Kila kitu ilikuwa inakijua yenyewe.

Panya ni tofauti, na sababu yake ni zile kadi. Ukimbonyeza vitufe peke yake, amri zinaingia tumboni na huzioni tena. Lakini kila kadi ina rangi na mshale wa kitufe chake, kwa hiyo tumeweka sheria ya nyumba: kwanza panga kadi kwa mstari sakafuni, halafu bonyeza vitufe kwa kuzifuata, mwisho ndiyo kijani. Hapo mpango wa mtoto unabaki umelala mbele yake hata baada ya panya kugonga ukuta. Mara za mwanzo alikuwa akilia, "Mama, panya hasikii!" Nikamwambia tumfuate kadi kwa kadi. Akaweka kidole kwenye kadi ya kwanza, mkono wa pili ukamsogeza panya mraba mmoja. Kadi ya pili, mraba wa pili. Kadi ya tatu ilikuwa ya kugeuka kushoto, na njia ilikuwa inakwenda kulia. "Hii hapa! Hii ndiyo iliyompoteza." Akaibadilisha mwenyewe. Sijamwona akiwa na uso ule kwa kitu chochote nilichomnunulia.

Kuna mambo mawili yatakayomsumbua kila mtoto, na nayaeleza kwa kirefu kwa sababu wazazi wengi wakifika hapo hudhani roboti ni mbovu au mtoto ni mdogo mno.

La kwanza ni kwamba kugeuka si kusogea. Mtoto akibonyeza mshale wa kulia anatarajia panya ahamie mraba wa kulia. Panya hafanyi hivyo. Anazunguka palepale robo ya duara, anatazama kulia, na kusubiri amri ya mbele. Kwa hiyo kufika mraba wa pembeni kunataka kadi mbili, geuka na mbele. Roboti za sakafuni za aina hii karibu zote zinafanya hivyo. Kulieleza kwa maneno hakukusaidia hata kidogo. Kilichosaidia ni kumsimamisha yeye kwenye vigae vya sebuleni na mimi kuwa mtoaji amri: "Mbele. Geuka kulia. Umehama? Hukuhama. Sasa mbele." Tulibadilishana zamu, naye akafurahi sana kunitoa mimi mbele mpaka nikagusa kabati.

La pili ni upande wa kulia wa nani. Panya akiwa amekupa mgongo, kulia kwake ni kulia kwako. Akigeuka kukutazama, mambo yanapinduka, na mtoto anayejua vizuri mkono wake wa kulia, ule wa kulia chakula, anachanganyikiwa kabisa. Dawa yake ni mtoto kuhama. Aende akae nyuma ya panya kila anapogeuka, atazame anakotazama panya. Baadaye atafanya hivyo kichwani bila kuinuka. Wazo hili si langu. Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928 na ambaye pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walitengeneza Logo, lugha ya kuandika programu, mwaka 1967, alikuwa akiwaambia watoto wajifanye kobe, roboti ya sakafuni iliyofuata amri za Logo, watembee wao wenyewe kabla ya kumwandikia amri. Panya wetu ni mjukuu wa kobe yule, na nimeona kwa macho yangu kwamba ushauri ule bado unafanya kazi.

Jambo dogo: kabla ya mpango mpya, futa wa zamani kwa kitufe cha kufuta. Usipofuta, amri mpya zinapangwa nyuma ya zile za kwanza na panya anaanza safari ya jana.

Kilichonivutia zaidi sikukikuta kwenye karatasi ya maelekezo. Nyanya yake anakaa Kibokoni, Mji wa Kale, na siku moja alipokuja akamwambia mtoto, "Basi nijengee njia ya kuja kwangu." Kuta zile 22 zikawa vichochoro vya Mji wa Kale. Mahali pa kuanzia pakawa Ngomeni, mstari mrefu ukawa Ndia Kuu, na jibini likawa mlango wa Nyanya. Bibi mwenyewe alikuwa akielekeza jinsi anavyomwelekeza mgeni: nenda moja kwa moja, ukimaliza ukuta kata kulia, usiingie kichochoro cha kwanza. Mtoto akawa anayageuza maneno yale kuwa kadi. Kazi ya kuandika programu ndiyo hiyo hasa, kuchukua anachotaka mtu na kukivunja kuwa hatua ambazo mashine haiwezi kuzielewa vibaya. Tangu siku ile kadi zile 10 za mifano hazitoki kwenye sanduku.

Kuhusu sakafu: mcheze kwenye vile vipande vya miraba au kwenye simiti laini au vigae. Mkeka wa ukindu haufai. Magurudumu ni madogo, nyuzi zinayapindisha, na robo ya duara inakuwa si robo tena, kisha mtoto anatafuta kosa kwenye kadi na kosa liko kwenye mkeka. Hilo ni baya kuliko unavyodhani, kwa sababu linamvunja imani na mpango wake uliokuwa sahihi.

Betri ni 3 nyembamba, za rimoti. Nunua za kuchaji. Na kwa sisi wa pwani, zitoe kama roboti haitatumika kwa muda, maana unyevu na chumvi ya hewa yetu hula chuma za ndani haraka. Jambo zito zaidi ni betri bapa za duara, zile kama kifungo, zinazokuwa ndani ya toi nyingi za bei ya chini. Mtoto akiimeza moja, ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2. Kama kifuniko cha betri hakifungwi kwa skrubu, usinunue, hata kama ni zawadi ya sikukuu. Na mtoto akiimeza, mkimbize hospitali palepale.

Nyingine nilizozipima kabla ya kuamua. Cubetto, ya Primo Toys ya London, ni ya mbao na inaanzia miaka mitatu. Mtoto anachomeka vipande vya rangi kwenye ubao na vinabaki pale, kwa hiyo kosa linaonekana vizuri kuliko kwa panya. Ningekuwa na uwezo ningeichukua hiyo, lakini ni zaidi ya dola 200 kabla ya usafiri na ushuru, na inakula betri 6. Bee-Bot, yule nyuki wa TTS wa Uingereza, anakwenda sentimita 15 kwa hatua na anachajiwa kwa waya wa USB. Kwa mwalimu wa PP1 au PP2 mwenye darasa zima, mimi ningemshauri huyo. Botley, wa kampuni ileile ya panya, anatumia rimoti na ni wa miaka mitano kwenda juu. Code-a-Pillar ya Fisher-Price, ya mwaka 2016, ni kiwavi wa vipande vinavyoungana, anayefaa mtoto wa miaka mitatu ambaye bado hana subira ya kupanga.

Madukani hapa, kuanzia Digo Road hadi Nyali, sikuipata seti ya panya. Shemeji yangu aliyeko Dubai ndiye aliyetuletea. Wakati tunainunua, Marekani ilikuwa ikiuzwa kama dola 60 hadi 70. Ni pesa nyingi, na asiyeweza asione mtoto wake amepitwa. Chora miraba sakafuni kwa chaki, kata mishale kwenye maboksi, na mtoto mmoja awe roboti asiyeruhusiwa kufikiri, anafuata mishale tu. Sehemu kubwa ya niliyoyaeleza hapa, pamoja na kulitafuta kosa, inapatikana kwa chaki ile.

Shuleni jambo hili linakuja. Mtaala wetu unahesabu ujuzi wa kidijitali kati ya umilisi wake 7 wa msingi, na mwaka 2022 KICD, taasisi ya kukuza mitaala, iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari. Sina haraka ya skrini hata hivyo. Tukimaliza na panya tutahamia ScratchJr, programu ya bure ya mwaka 2014 iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Tufts, MIT na kampuni ya Playful Invention, kwa watoto wa miaka 5 hadi 7. Amri zake ni picha za kuburuta, na mstari wa amri unabaki unaonekana chini, kwa hiyo ile tabia ya kufuata kidole kadi kwa kadi ataikuta hukohuko.

Ukiipata seti ya mtumba, hesabu kadi kwanza, ziwe 30. Panya bila kuta bado anafaa, kuta utajenga kwa vitabu. Bila kadi mtoto hana pa kuona mpango wake. Fungua kifuniko cha betri utazame kutu, kisha mpe amri nne za kugeuka upande mmoja: akirudi kutazama alikoanzia, lipa umchukue.