Mpira wa kupuliza kwenye gari: miezi 14 na chumvi ya Malindi

Wiki iliyopita nilibandua mpira kwenye rimu ya mbele kushoto. Nilianza na ukucha, pale rimu inapokutana na tairi, nikavuta taratibu, ukatoka wote kwa mara moja kama mtu anavua soksi. Chini yake rimu ilikuwa ileile niliyoifunika: fedha yake inang'aa, na mchubuko wa zamani uko palepale. Hapo katikati imepita miezi 14 ya jua, mchanga, na huu upepo wa baharini unaotuachia chumvi kwenye vioo kila asubuhi. Madereva wenzangu wa teksi wamekuwa wakiniuliza kama kitu hiki kinafaa. Kwenye rimu, kinafaa sana. Kwenye boneti niliumia.

Kwa asiyekijua: ni rangi ya mpira inayokuja kwenye kopo la kupuliza. Ikikauka inakuwa kama ngozi juu ya rangi ya gari, haiili rangi ya chini, na ukiichoka unaibandua. Inayojulikana zaidi ni Plasti Dip ya Marekani, iliyoanza mwaka 1972 kama dawa ya kuchovya mipini ya koleo na vifaa vingine ili isiteleze mkononi. Wapenda magari waliidandia baadaye. Mimi nilitumia chapa nyingine, nyeusi isiyong'aa, niliyoagiza kutoka Mombasa kwa shilingi 1,800 kopo. Nilinunua makopo sita, nikadhani yatatosha rimu nne na boneti. Hayakutosha, na hesabu hiyo ndiyo iliyoniharibia kazi.

Rimu nilizifanyia nyuma ya nyumba, Barani, mwezi wa Julai. Huo ni wakati wa kusi, na upepo ukishaamka hupulizi tena rangi, unapuliza vumbi. Basi nilikuwa naanza mara tu baada ya sala ya alfajiri, majani ya mvinje bado yametulia, nikiacha jua likipanda.

Kuosha kulinichukua muda mrefu kuliko kupuliza. Nilisugua kwa sabuni ya vyombo na mswaki mzee, kila kona, mpaka masizi ya breki yakatoka. Ami yangu, aliyekuwa fundi wa mashua siku zake, alipita akanikuta nachota maji ya kisima ili nisuuzie. Akaniambia, "Mwanangu, hayo yana chumvi. Ukifunika chumvi humo, kutu utakuwa umemwekea chakula ndani." Nilimwaga ndoo, nikasuuza kwa maji ya bomba. Kila nikibandua kipande hukumbuka maneno yake.

Sikuyavua magurudumu. Nilichomeka kadi za mialiko ya harusi kuzunguka rimu, katikati yake na tairi, moja ikilalia nyingine. Kadi za harusi ni ngumu na zina utelezi, zinaingia vizuri, na nani kwetu hana mfuko mzima wa hizo ndani? Breki nilizifunika kwa gazeti kupitia matundu ya rimu. Halafu nikapuliza kutoka kama sentimita 15 hadi 20, mkono hausimami. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, uwe mwembamba kabisa, kama ukungu, fedha bado inaonekana chini. Ukitaka ifunike mara moja itachuruzika. Unasubiri nusu saa, unarudia. Mimi nilipiga mikono mitano kwa kila rimu, na makopo manne yakaishia hapo.

Harufu yake ni kali na mvuke wake unashika moto. Mke wangu alikuwa anakaanga mahamri na dirisha la jikoni liko wazi upande wangu. Nilimwomba azime jiko kwanza, nami sikugusa kopo mpaka alipozima. Usifanyie kazi hii ndani ya banda lililofungwa, na funika pua kwa barakoa ya mafundi wa rangi, kitambaa hakitoshi.

Boneti ikabakiwa na makopo mawili. Nilipata mikono mitatu, tena ya kubana. Ilipendeza, siwezi kukataa. Gari ya fedha na boneti nyeusi, abiria niliowachukua uwanja wa ndege kuwapeleka Watamu walikuwa wakiisifia kabla hawajaingia. Gari zima sikuwaza kulipiga, maana ukibadilisha rangi ya gari inabidi uijulishe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na rangi ibadilishwe kwenye logbuku, ile hati ya umiliki wa gari.

Mabaki ya kopo la mwisho nilipuliza kwenye kifuniko cha petroli. Hilo usilifanye. Siku niliyojaza mafuta, matone machache yalidondoka hapo, mpira ukakunjamana mbele ya macho yangu, nilipoupangusa ukafuata kitambaa kama ute. Petroli inauyeyusha. Zipo rangi za juu zinazousaidia kustahimili, lakini mimi sikuwa nayo.

Mwezi wa saba tangu niipulize, boneti ikaanza kuinuka ukingo wa mbele, pale changarawe zinaporuka. Nikaamua kuibandua yote, na hapo nikajua maana ya mikono mitatu: ilikuwa inatoka vipande vya ukubwa wa kucha. Jioni mbili nzima nimeinama juu ya gari, ncha za vidole zinauma, na sikufika hata robo. Fundi mmoja wa rangi aliniambia niongeze mpira juu yake, nisipunguze. Nilinunua makopo mawili mengine, nikapiga mikono miwili minene, nikauacha ulale hadi asubuhi, ukatoka kwa mapande makubwa. Mpira mnene hujishika wenyewe, mwembamba hukatika. Kwa boneti ya gari dogo nenda na makopo manne tangu mwanzo, au iache.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa chini yake. Palikuwa na alama ndogo ya jiwe, ukubwa wa punje ya mtama, niliyoiona kabla ya kupuliza nikaipuuza. Sasa ilikuwa kama sarafu, kutu imetambaa chini ya rangi na kuivimbisha. Mahali penye rangi nzima mpira ulilinda vizuri. Penye jeraha, ulinificha nisione linavyokua. Jeraha kama hilo lipige msasa, tia praima, yaani rangi ya msingi, acha ikauke, ndipo ufunike.

Rimu tatu zilizobaki bado zina mpira wake wa kwanza, nazioshea kwa mkono kwa sababu brashi za pale wanapooshea magari huchuna kingo. Hiyo ya kushoto nitaipiga tena baada ya Idi, na kadi za harusi nimeshaanza kukusanya. Boneti ipo kwa fundi inatolewa kutu, itarudi na rangi yake ya fedha.